Tabaka Lililojifunga kwa Ndani

Jumanne moja ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi, Kayano alikuwa mbele ya kompyuta, anatenganisha nywele za mtoto pichani na ukuta uliokuwa nyuma yake. Kazi ya nywele haitaki papara. Uso hukatika haraka, mabega nayo hayana neno, lakini nywele ukizikimbiza mtoto anatokea kama aliyefunikwa bakuli kichwani. Kayano alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja katika studio ya Mzee Uematsu, nyuma ya stesheni ya Kamisawa, na kila mwaka ifikapo Februari mambo yalikuwa yale yale: shule nne za msingi, albamu nne za kuhitimu, na kikombe cha chai ya shayiri kinachopoa kando ya kipanya bila kunywewa.

Nywele zile zilikuwa za Chinatsu Orihara, wa darasa la sita, mkondo wa pili. Wenzake thelathini na mmoja walipigwa picha ya pamoja mwezi wa kumi na moja katika ukumbi wa michezo, wamepangwa safu tatu juu ya mabenchi. Chinatsu hakuwapo siku hiyo. Hakuwapo pia siku iliyotangulia, wala iliyofuata, wala siku nyingine yoyote tangu wiki ya pili ya mwezi wa kumi.

Kwa mtoto wa namna hiyo upo utaratibu, na utaratibu wenyewe ni wa zamani kuliko kompyuta. Hupigwa picha peke yake siku nyingine, uso wake ukawekwa ndani ya duara la samawati, na duara likabandikwa juu ya picha ya darasa, pembeni kulia. Kwa nini kulia, hakuna aliyewahi kuuliza. Mzee Uematsu alikuwa bado na kopo la biskuti lililojaa maduara ya karatasi aliyoyakata kwa mkasi enzi za filamu, na alikataa kulitupa kwa sababu, alisema, umeme hukatika.

Mwaka huo utaratibu ulipata mpinzani. Setsuyo, mama yake Chinatsu, aliingia studio mwezi wa kwanza, saa yake ya mapumziko, bado amevaa aproni ya duka kubwa la ng'ambo ya barabara, ambako alikuwa akikaanga katlesi za viazi na kuzipanga kwenye trei.

"Mama Rino, samahani nakusumbua," alisema. Rino ni binti wa Kayano, naye alikuwa wa mkondo huo huo wa pili. "Ni kuhusu lile duara."

"Duara limefanya nini?"

"Msimtie mwanangu humo. Binamu yake walimtia mwaka juzi, na yule alikuwa na tetekuwanga tu. Bibi yake kuiona picha, akauliza huyu alifariki lini."

"Jamani!"

"Akamwashia na ubani, Mama Rino. Mtoto mwenyewe kakaa pale pale anakula chungwa."

Kayano alitaka kucheka, lakini alipomtazama usoni kicheko kikamkauka. Setsuyo alikuwa ameivua kofia yake ya wavu, anaikunja, anaikunjua.

"Mweke safuni na wenziwe," alisema. "Hata mwishoni kabisa. Hata bega lionekane nusu. Siku nikiifungua hiyo albamu nimwone mwanangu kasimama na watu, basi. Sina jingine."

Kayano alimwonea huruma ya kweli, ile inayomfanya mtu aahidi kabla hajafikiri. Alipiga simu shuleni siku hiyo hiyo. Alipokelewa na Bwana Kusakabe, makamu wa mwalimu mkuu, mtu muungwana, mnyenyekevu, na bingwa wa funika kombe mwanaharamu apite. Kayano alitarajia kukataliwa. Kumbe Bwana Kusakabe alifurahi hadi sauti ikapanda.

"Thelathini na wawili kati ya thelathini na wawili!" alisema. "Hilo ni wazo zuri sana, mama. Zuri sana. Sisi wenyewe tulikuwa tunaona haya kuliomba."

Ukiliwaza jambo lenyewe utamwelewa. Picha yenye duara, watu huuliza duara la nini. Picha isiyo na duara haiulizwi kitu.

Hivyo kila mtu alikubali. Mama alitaka kwa mapenzi, shule ilitaka kwa ajili ya jina lake, Kayano alitaka kwa huruma. Aliyebaki bila kuulizwa alikuwa mmoja tu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili.

Chinatsu alikuja kupigwa picha Jumamosi, amevaa koti la kijivu na amechana nywele zake vizuri. Mzee Uematsu alimsimamisha mbele ya ukuta mweupe na kumwomba avae viatu vyake vyeupe vya ndani, vya shuleni, ili alingane na wenzake.

"Vilipotea," alisema Chinatsu.

"Kwani hukununuliwa vingine?"

"Na vyenyewe vilipotea. Mara nne."

"Hamna shida," Kayano alidakia upesi. "Nitakuwekea miguu ya mwenzako."

Chinatsu aliwaza kidogo juu ya miguu ya mwenzake. Kisha akauliza swali lake pekee siku hiyo. "Nitasimama karibu na nani?"

"Safu ya pili, mwishoni, karibu na Rino," alisema Kayano, na moyo wake ukapata joto, kwa maana alikuwa amemchagulia nafasi bora aliyokuwa nayo, ubavuni mwa mwanawe wa kumzaa.

"Sawa," alisema Chinatsu, kama asemavyo mtoto aliyeambiwa anyooshe mkono adungwe sindano.

Ndipo ikafika ile Jumanne. Kayano alipomaliza nywele, alimhamishia Chinatsu kwenye faili ya picha ya darasa. Ndani ya programu ile kila kitu hukaa katika tabaka lake, kama karatasi za kioo zilizopangwa moja juu ya nyingine: unachagua tabaka la unayemtaka, unalivuta kwa kipanya, na huyo tu ndiye anayesogea. Rino na wenzake wa mwisho wa safu ya pili alikuwa amekwisha kuwakata kila mmoja katika tabaka lake ili awabananishe kidogo. Alichagua tabaka lililoandikwa ORIHARA. Akalivuta kushoto, kuelekea safu.

Chinatsu alibaki palepale. Waliosogea ni wale wengine wote, thelathini na mmoja pamoja na mabenchi yao, kwenda kushoto kwa kiasi kile kile, na nafasi iliyokuwa kati yao na Chinatsu ikaongezeka.

Kayano alirudisha hatua moja, akatazama kile kisanduku kidogo ambacho kikiwashwa programu hujichagulia yenyewe tabaka lolote lililo chini ya kishale. Hilo ndilo kosa la kila mtu, hata wazoefu. Kisanduku kilikuwa hakijawashwa. Alikiwasha, akakizima, kwa sababu wakati mwingine vitu vinataka kubembelezwa. Akavuta tena. Darasa likakimbia tena.

Alitazama kama matabaka yamefungwa mnyororo pamoja. Hayakufungwa. Alijaribu vishale vya kibodi, nukta moja moja. Kila alipobonyeza mara moja, darasa zima lilirudi nyuma mara moja, kwa adabu. Aliizima kompyuta, akanywa chai yake ya baridi, akaiwasha. Mwishowe akaona kwamba mbele ya jina ORIHARA palikuwa na kufuli dogo la kijivu ambalo yeye hakuliweka. Alilibofya. Halikufunguka.

Nyuma ya kitabu cha maelekezo palikuwa na namba ya simu ya mafundi. Alijibiwa na mwanamume mwenye mafua.

"Ukivuta tabaka la mtoto, kinasogea nini?"

"Wengine wote. Wanamkimbia."

"Kisanduku cha kujichagulia?"

"Nimezima."

"Kufuli?"

"Lipo. Halifunguki."

Fundi alivuta kamasi. "Hebu likuze. Tundu la ufunguo unaliona?"

Kayano alilikuza mpaka likajaa skrini nzima. Lilikuwa kufuli zuri, lenye kutu kidogo kwenye upindo. "Sioni tundu."

"Basi liko upande wa pili. Limefungwa kwa ndani hilo. Ni mtoto wa shule?"

"Ndiyo."

"Mnamtoa kwenye duara mnampeleka safuni?"

"Ndiyo."

"Haya. Mwezi wa pili na wa tatu tunazipata sana simu hizo. Si hitilafu ya programu, dada yangu, ndiyo maana hukuiona kitabuni. Mwenyewe mmemuuliza?"

"Nani?"

"Mwenye tabaka."

Kayano alimtazama Chinatsu kwenye skrini, amesimama peke yake na miguu ya mwenzake. "Mama yake ameomba," alisema. "Na shule imekubali."

"Sawa," alisema fundi, akavuta kamasi tena. "Njia ya nguvu ipo. Shikilia vibonye viwili vya chini kushoto kwa pamoja, uvute bila kuachia. Atakuja. Ila akija, anakuja na vitu vyake."

"Vitu gani?"

"Inategemea shule."

Kayano alimshukuru, akakata simu, akashikilia vibonye viwili na kuvuta. Mkono ulipata uzito, kama unaburuta kabati. Chinatsu alikuja. Alikuja taratibu, nukta baada ya nukta, mpaka bega lake likagusa bega la Rino, na mbele yake ikaja meza.

Ilikuwa meza ya kawaida ya darasani, ya mbao, yenye kulabu ya kuning'iniza mkoba. Juu yake palikuwa na chombo cha maua, na ndani ya chombo maua matatu meupe ya kiku, yale yanayopelekwa msibani. Mwanafunzi akifariki, meza yake huwekewa maua darasani. Ni desturi, tena ya heshima. Kumwekea aliye hai ni desturi nyingine, na hiyo watoto huijua bila kufundishwa na mtu.

Kayano aliikuza picha. Chombo kilikuwa cha kijani, chembamba shingoni, kimemeguka kitakoni na kuunganishwa kwa gundi iliyoacha mstari mweupe. Aliufahamu mstari ule, kwa kuwa gundi aliipaka yeye mwenyewe, na alipaka nyingi mno. Chombo kile kilikuwa kikikaa juu ya kabati la viatu mlangoni pa nyumba yake hadi mwezi wa kumi, Rino aliposema kimevunjika.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotangulia. Hawakusema ufanye nini ukishajua nguo ni yako. Kayano aliondoa mkono kwenye kipanya na kuuficha chini ya meza, kana kwamba yupo mtu anayeutazama.

Mzee Uematsu alipita nyuma yake na kopo lake la biskuti, akasimama, akatazama skrini.

"Ohoo," alisema. "Kaja na meza."

"Umewahi kuona?"

"Enzi za filamu hawakuwa wanakuja na meza, walikuwa wanaondoka tu. Kuna mmoja nilimbandika darasa la nne, nikaja kumkuta kwenye picha ya wazima moto. Ameketi katikati yao, anacheka. Nikamwacha." Akapiga kopo kwa vidole. "Usimsumbue sana mtoto, Kayano. Duara lipo."

Alhamisi Bwana Kusakabe alikuja kuikagua picha kabla haijakwenda kuchapwa, amebeba boksi la keki za maharage kwa ajili ya studio. Aliinama mbele ya skrini, mikono mgongoni. Aliitazama meza kama mtu anavyolitazama doa dogo kwenye tai ya mgeni wake.

"Hii meza," alisema, "ni ya muundo wa zamani. Tumeacha kuitumia."

"Inakuja naye," alisema Kayano.

"Naelewa, naelewa. Kila tabaka si lina jicho lake pembeni? Nimesoma. Ukilifunga jicho, tabaka halionekani."

Kayano alilifunga jicho la tabaka la meza. Meza ikatoweka, na Chinatsu akatoweka nayo. Alilifungua, wakarudi wote wawili. Bwana Kusakabe alimwomba arudie, akarudia. Alimwomba afanye polepole, akafanya polepole. Maua yalikuwa yamefunguka kidogo kuliko Jumanne.

"Ama vyote ama hakuna," alisema Bwana Kusakabe, akanyooka. "Basi, mama, tumrudishe katika duara. Duara nalo ni mila yetu, na mila ina uzuri wake."

"Mwalimu," Kayano alisema, "maua hayo yaliwekwa kweli?"

Bwana Kusakabe hakukasirika. Alikuwa na jibu tayari, limepigwa pasi. "Shule ililichukulia jambo hilo kwa uzito mkubwa. Mwezi wa kumi tuligawa dodoso, bila majina, kila mtoto aandike kwa uhuru alichokiona. Watoto thelathini na mmoja walijibu. Thelathini na mmoja hawakuona kitu chochote." Akatabasamu kwa upole. "Na Rino wako, kwa kweli, ni mtoto wa mfano. Salamu zake tu za asubuhi zinatupa raha sisi walimu."

Pale ndipo palikuwa mahali pa Kayano kusema. Maneno hayakuwa mengi. Chombo hiki ni changu, kimetoka mlangoni kwangu: pumzi moja ingetosha. Aliivuta pumzi hiyo. Kisha akamwona Rino akiitwa mbele ya walimu, akawaona akina mama wengine wakihama upande wa barabara akipita, na pumzi akaitumia kusema, "Asante kwa keki."

Aliona aibu, na aibu ilikaa naye mchana kutwa. Lakini aibu haichapwi kwenye albamu.

Jioni, wakati wa chakula, alimuuliza Rino. Walikuwa wawili tu mezani, baba yake Rino yuko Nagoya kikazi.

"Kile chombo cha kijani kilivunjikaje?"

"Si nilikwambia, mama? Kilianguka."

"Vipande ulivitupa wapi?"

"Siku ya taka zisizoungua."

"Jumatano?"

"Ndiyo, Jumatano."

Sasa, mwezi wa kumi zamu ya kusimamia taka za mtaa ilikuwa ya nyumba ya Kayano. Ni yeye aliyesimama kituoni Jumatano zote mbili za taka hizo tangu saa kumi na mbili asubuhi na glavu mikononi, akifungua kila mfuko wa jirani na kutenga mabati na vigae, na kijani hakukiona hata chembe. Rino alikuwa anapuliza supu yake. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa anakumbuka siku za kuzaliwa za watu, alikuwa anapiga zumari katika bendi ya shule, alikuwa anamwachia bibi wa jirani nafasi kwenye basi. Hilo ndilo lililomtisha Kayano kuliko yote.

"Nikuongeze supu?" aliuliza.

"Kidogo," alisema Rino.

Asubuhi yake Kayano alimrudisha Chinatsu katika duara. Safari hii hakuhitaji vibonye viwili wala nguvu. Alichagua tabaka, kufuli likaachia lenyewe, na Chinatsu akaenda pembeni kulia kabla kipanya hakijafika, kama mtu anayeingia chumbani kwake. Meza haikuonekana. Faili ikaenda kiwandani.

Kwenye faili duara lilikuwa pembeni kulia. Kwenye albamu zilizochapwa lilikaa lilipopenda. Simu zilianza siku ya pili baada ya mahafali. Mtoto wa daktari wa meno alilikuta duara katika ukurasa wa siku ya michezo, juu kabisa, mbali na kila mtu. Kwa msichana mmoja aliyekuwa kiranja lilikuwa nyuma ya kisogo chake, likichungulia. Kwa watoto wengi lilisogea kidogo tu, upana wa kidole, na wazazi wao hata hawakutambua. Mwalimu wa darasa, Bwana Hatanaka, katika nakala yake duara lilikuwa limemkalia usoni. Aliitia albamu kwenye droo, akajaza fomu ya uhamisho aliyokuwa ameipanga tangu zamani.

Hakuna aliyeshangaa sana. Walilalamika kama watu wanavyolalamikia ukurasa uliokunjwa, wakauliza kama watabadilishiwa. Bwana Kusakabe alitoa barua ya nusu ukurasa: mahali pa duara panaweza kutofautiana kati ya nakala na nakala, hii si kasoro ya uchapaji, shule inawashukuru wazazi kwa uelewa wao wa kila siku. Wazazi wakaelewa.

Katika nakala ya nyumbani kwa Kayano, duara lilikuwa ubavuni mwa Rino, bega kwa bega, na mbele yao meza, na juu ya meza chombo cha kijani. Rino aliitazama muda mrefu.

"Mama, hii imekosewa," alisema. "Rekebisha. Si ndiyo kazi yako?"

"Haisogei."

"Jaribu basi!"

"Nimejaribu, Rino. Haisogei."

Walitazamana, mama na mwana, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake anajua. Ilikuwa nafasi ya pili ya kusema, na haikuwa na Bwana Kusakabe ndani yake. Birika likaanza kupiga mluzi jikoni. Kayano akainuka kwenda kulizima, akakaa huko zaidi ya ilivyohitajika, na aliporudi Rino alikuwa amebandika stika ya sungura juu ya meza ile. Kesho yake chombo kilikuwa mbele ya sungura. Rino hakubandika nyingine. Maua yalipokauka, yalibadilika yenyewe siku za Jumatatu, na Kayano akazoea kuifuta albamu kwa kitambaa kikavu, kwa maana maji yalikuwa yanavuja kidogo, na karatasi ya picha haipendi maji.

Aprili ilifika na maua yake. Watoto wa Kamisawa wanaenda sekondari moja, kwa kuwa ipo moja tu. Majina yalipobandikwa ukutani, Rino na Chinatsu walikuwa mkondo mmoja tena. Shule ilieleza kwamba wamezingatia watoto waliokwisha kuzoeana. Picha ya kuanza masomo ilipigwa tarehe nane, na tarehe tisa ilikuwa mezani kwa Kayano, pamoja na karatasi ya maelekezo. Asiyekuwapo: Orihara. Mahali: juu kulia.

Kayano aliifungua faili. Rino alikuwa safu ya mbele, na sare yake mpya inayomzidi mikono, anatabasamu vizuri. Pembeni kulia duara la samawati lilikuwa limekwisha kufika. Hakulichagua, hakulivuta, hakutafuta kufuli. Programu ikamuuliza kama ahifadhi, akabofya ndiyo.

Alipotoka kazini alivuka barabara kununua chakula cha jioni. Setsuyo alikuwa nyuma ya trei, uso umewiva kwa joto la mafuta.

"Mama Rino! Karibu. Albamu tuliipata, tunashukuru."

"Imetoka vizuri?" aliuliza Kayano, bila kumtazama sana.

"Ya kwetu duara liko tupu. Samawati tu, na yeye safuni hayupo. Nikamuuliza, mwanangu uko wapi humu? Akasema katoka nje kupunga upepo." Setsuyo alicheka kidogo, akapangusa paji la uso kwa ncha ya aproni. "Nami nikamwacha. Mwenyewe anasema ndiyo picha aliyotokea vizuri kuliko zote. Anailaza kando ya mto wake."

"Ah."

"Lakini aliniambia ulivyohangaika. Kwamba nafasi uliyomtafutia ilikuwa ubavuni mwa Rino." Alizipanga katlesi nne kwenye boksi, moja moja, kwa koleo. "Nikamwambia, umeona basi? Usiseme tena huna rafiki. Hakunijibu, unajua watoto. Ila mimi sitasahau, Mama Rino. Mji mzima huu, ni ninyi tu mlioonyesha moyo."

Akaongeza ya tano juu yake, kubwa, iliyokauka vizuri pembeni.

"Hii usilipie. Ya Rino hii. Mwambie namshukuru."

Kayano aliinama, akasema asante, akalipokea boksi kwa mikono miwili. Lilikuwa la moto, na alilibeba hivyo hivyo hadi nyumbani. Albamu ilikuwa juu ya kabati la viatu, mahali pa kile chombo, imelowa tena ukingoni. Rino aliila katlesi kabla hata hajavua sare.

"Tamu," alisema. "Zimebaki?"